Alhamisi, Isevya

Alitufundisha sataranji kwa mkono uliozoea reli.
Miaka kumi na tisa Mwalimu Sizya alibadili njia stesheni ya Tabora:
la Mwanza hili, livushe; la Kigoma, lisubiri kidogo.
Ukikosea wenzo mmoja, alisema,
mabehewa kumi na manne ya watu
yanaamkia mji usio wao.

Kete alizichonga mwenyewe: nyeusi za mpingo,
na za mninga, tulizoziita nyeupe japo ni nyekundu.
Alizisugua kwa nta ya Sikonge mpaka zikanukia asali,
ndiyo maana sisimizi walilipenda darasa letu
kuliko mkaguzi yeyote.
Kitunda kimoja cheusi kilipotea. Kizibo cha soda kilikaimu.

Mimi nilikuwa mtunza saa:
saa mbili za kengele, mgongo kwa mgongo,
zimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Moja ilikimbia.
Akicheza nasi, aliichukua hiyo.

Sokoni walimwita Bingwa.
Walisimulia alivyomzidi kete daktari wa Kibulgaria, Dar es Salaam,
na picha ya gazetini, shati la kuazima,
kola imeizidi shingo.
Lusaka hawakuisimulia.
Lusaka aliisimulia mwenyewe.

Kila Alhamisi, saa kumi, mazoezi yakiisha,
alipanga mezani mchezo wake wa mwisho:
shaha pembeni, ngome zimekabana,
farasi palepale alipomwacha mwaka wa themanini na saba.
"Zamu ya nyeusi. Nyeusi ni mimi.
Ipo hatua moja ya kuniokoa. Sikuiona. Itafuteni."
Kisha anatoka nje,
anajifanya anasikiliza treni.

Tuliitafuta, ee, tuliitafuta.
Abeli Mihayo aliitafuta mpaka akamaliza darasa la saba,
akaenda kukata magogo Urambo,
akatuma salamu: jaribuni farasi.
Tulijaribu farasi. Tulimtoa malkia kafara.
"Hapana," alijibu mlangoni, hageuki,
"hiyo niliijaribu usiku uleule, hotelini.
Na hiyo nyingine, kwenye basi."
Tukaelewa. Alikuwa akiijaribu miaka yote,
kwenye foleni ya pensheni,
hata makaburini siku ya mkewe,
udongo wa kutupia umo kiganjani,
kidole gumba kinahesabu miraba.

Kalunde hakuitafuta.
Binti wa mchambua tumbaku, vidole rangi ya chai,
alizirudisha kete zote mwanzo
akaomba daftari la mchezo mzima.
Alhamisi mbili hakusema neno.
Ya tatu akasema:

"Mwalimu, haipo."
"Haipo nini?"
"Hatua. Hapa umeshakufa.
Ulikufa kwenye ya kumi na moja, uliposogeza hiki,"
akagusa kizibo cha soda,
"ukidhani unafungua njia."

Saa zangu zikasikika, zote mbili,
hazikubaliani.
Mwalimu akaketi kwenye dawati la mtoto,
magoti yakagonga mbao.
Akahesabu kwa midomo, moja hadi kumi na moja. Akarudia.
Nilingoja ahamaki.
Akashusha pumzi ndefu, kama breki za behewa zikiachiwa.
"Ya kumi na moja," alisema.
"Na chai nilikuwa sijamaliza."

Akaenda zake, kete ameziacha mezani,
nasi hatukujua nani azikusanye.

Alhamisi iliyofuata palikuwa na mpango mwingine,
wa Kalunde, mchezo wake wa Jumapili na wavulana wa Cheyo.
"Umeshinda," alimwambia, "lakini vibaya. Kaa hapa."
Kisha akanigeukia:
"Na hiyo saa, kairekebishe.
Miaka yote hii, inanionea."